Mchanga kwanza: shajara ya tangi la samaki wa konokono, Kigoma

1 Februari 2025

Tangi limefika leo asubuhi juu ya mkokoteni, limefungwa kwa magodoro mawili ya zamani, na vijana wanne wamelishika pembeni njia nzima kutoka eneo la Mwanga, hapa mjini, hadi shuleni. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Likijaa pomoni ni lita 270, yaani kilo 270 za maji kabla hujahesabu mchanga, mawe na kioo chenyewe. Tumeliweka juu ya meza ya zege ya maabara ya biolojia, ile iliyoshikana na ukuta, kwa sababu za mbao siziamini kwa uzito huo. Chini yake tumetandika sponji ngumu nyembamba ili punje ya zege isije ikakibana kioo mahali pamoja na kukipasua.

Wengi wa wanafunzi wangu wamekulia karibu na mwalo, Kibirizi au Katonga. Wanamjua mgebuka akiwa sokoni, kuhe akiwa mezani, dagaa akiwa kwenye kichanja. Ukiwauliza samaki hufanya nini akiwa hai kule chini, wanakaa kimya. Na hili letu, Tanganyika, ndilo ziwa lenye aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwatazama, na mtoto wa Katonga hajawahi kumwona hata mmoja akichimba nyumba yake. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya tangi hili.

Tutaanza na samaki wa konokono, wale wadogo wanaoishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono wa ziwani. Mmoja wao, Lamprologus ocellatus, hulifukia gamba lake mchangani mpaka ubaki mdomo tu. Kwa hiyo kabla ya pampu, kabla ya taa, kabla ya samaki mwenyewe, lazima tupate mchanga.

8 Februari

Wiki nzima nimesoma na kuuliza watu. Maelezo mengi kuhusu kitanda cha mchanga yameandikwa na wafugaji wa matumbawe, watu wa maji ya chumvi, na nimejifunza mengi kwao. Wao hupenda mchanga wa aragonaiti, ambao ni chokaa ya baharini: matumbawe na makombe yaliyosagika. Chini ya mchanga, ambako bakteria hula uchafu na maji huwa na asidi kidogo, chembe za aragonaiti huyeyuka polepole na kurudisha kalisi (kalsiamu) ndani ya maji, na matumbawe huihitaji kalisi hiyo kujenga mifupa yao. Tena wamegawanyika juu ya kina. Wengine huweka sentimita 2 hadi 5, kina ambacho ni rahisi kukisafisha. Wengine huweka 10 hadi 15, ili chini kabisa pakose oksijeni, na bakteria wa huko wachukue oksijeni iliyomo kwenye nitrati, masalia ya mwisho ya uchafu huo, na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda na kutoka. Kwa matumbawe yasiyopenda nitrati nyingi, hiyo si kazi ndogo.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam anayefuga samaki wa baharini aliposikia mradi huu akajitolea kunitumia kilo 20 za aragonaiti kwa treni. Nilishukuru sana, na karibu nikubali. Kisha nikajiuliza mchanga huo ungekuja kufanya kazi gani Kigoma.

Maji ya Tanganyika yenyewe yako upande wa besi. Yale niliyochota ziwani pale Bangwe juzi yamesoma pH 8.9 kwenye kipimo cha maabara, ambapo 7 ndiyo katikati ya asidi na besi. Ndani ya maji ya namna hiyo aragonaiti hukaa tu kama jiwe lolote. Anayefuga samaki wetu ughaibuni kwa maji laini ya bomba, yenye madini machache, ana haja nayo, kwani bila chokaa hiyo pH yake itashuka. Mimi natoa maji kwenye bomba la mjini, na bomba la mjini linatoa maji ziwani. Kemia nimeletewa tayari hadi mlangoni.

Kilichobaki ni mdomo wa samaki. Ukimtazama Xenotilapia, siklidi mwingine wa ziwa hili ambaye nataka awe wa pili tangini, anainamisha kichwa, anajaza mchanga mdomoni, anautafuna, na mchanga unatoka kwenye matamvua huku vijidudu vimebaki ndani. Anafanya hivyo mchana kutwa. Ocellatus naye hubeba mchanga kwa mdomo kila anapopanga nyumba yake. Chembe kubwa hazitamwingia, zenye ncha zitamkwaruza matamvua, na ukimpa kokoto umemnyima chakula na kazi pamoja. Kokoto ina ubaya mwingine: mabaki ya chakula yanazama katikati ya mawe ambako hakuna mdomo unaoyafikia, yanaozea huko.

Basi nimemwandikia rafiki yangu asitume. Mchanga wetu tutautafuta hapa hapa.

15 Februari

Jambo la kwanza watu wanaloniambia: nenda ufukweni, jaza ndoo. Sitafanya hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sitaki wanafunzi wangu wajifunze kuchota ufukwe kwa sababu tu mwalimu wao alihitaji ndoo mbili. Miaka hii ziwa lilipopanda lilimeza fukwe nyingi hapa kwetu, kila mtu ameona. Tena mchanga wa mwaloni umeloa mafuta ya injini, magamba na vichwa vya dagaa. Kuusafisha huo ni kazi ya mwezi.

Nimekwenda kwa wauza mchanga wa ujenzi. Mchanga wao mwingi unatoka bonde la Luiche. Kipindi hiki mto umejaa na lori linaloingia linatoka na tope, hata dereva mmoja mzee aliniambia bila kificho: "Mwalimu, kama si wa kupiga plasta, subiri masika yaishe." Nilimwomba anionyeshe lundo la mwaka jana. Alikuwa nalo nyuma ya banda, limenyeshewa na kukauka mara nyingi, na mvua ilishafanya sehemu ya kazi yangu. Nilichukua sampuli tatu kwenye mifuko: moja ya lundo jipya, mbili za lundo la zamani, juu na katikati.

Nyumbani jioni nikamwekea mama zile sampuli tatu juu ya sinia. Mama alianika dagaa mchangani Katonga miaka mingi kabla ya vichanja kuenea, na mchanga anaujua kwa vidole. Nilimweleza nachotafuta, naye hakusema kitu, akachukua ya kwanza akaisugua kiganjani, akaonyesha kiganja: kimebaki chekundu. "Huu unashika samaki. Ukila unasaga meno." Ya pili akaisugua, akaipuliza. Ya tatu, ya katikati ya lundo la zamani, akaikalia muda, akaimimina kutoka mkono hadi mkono, kisha akaweka chembe chache ulimini. "Huu. Huu haukwaruzi."

Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Alikuwa anafikiria mdomo wa mlaji wa dagaa, mimi nafikiria mdomo wa samaki, na tumekutana kwenye mchanga mmoja.

22 Februari

Majaribio maabarani na kidato cha tatu. Tumefanya manne.

Chupa: mchanga robo, maji robo tatu, tikisa, acha. Mchanga ulitua ndani ya dakika moja. Juu yake likaja tabaka jembamba la tope laini, na maji yalibaki na rangi ya chai ya maziwa hadi kesho yake asubuhi, ndipo udongo wa mfinyanzi ulipomalizika kushuka. Sampuli ya lundo jipya ilikuwa na tope nene kama kidole. Ya mama ilikuwa na ukanda ambao ilibidi tuinamishe chupa ili tuuone.

Siki: matone kadhaa juu ya mchanga. Kimya, hakuna povu. Hapo tukajua si chokaa; ni kwatzi zaidi, madini magumu ya miamba ya milima yetu iliyosagwa na mto. Tukadondoshea siki kipande cha gamba la konokono, kikachemka papo hapo, na darasa zima likasogea mbele. Wengine walitaka kujua kama yai nalo litachemka. Tulijaribu ganda la yai, likachemka.

Sumaku: tuliipitisha ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mchanga mkavu. Zilishika chembe nyeusi chache, madini ya chuma. Zikiwa nyingi zinang'ang'ania sumaku ya pampu na kuikwangua, lakini kwa kiasi hiki sina wasiwasi.

Lenzi: hapa ndipo niliporidhika. Chembe za lundo la zamani zimeviringika. Tulisaga kipande cha jiwe kwa nyundo ili tulinganishe, na chembe za jiwe lililosagwa zina kona kama vioo vilivyopasuka. Ndiyo sababu vumbi la kokoto halifai hata likichekechwa vizuri: halijapita mikononi mwa mto.

Hesabu ya kiasi waliifanya wanafunzi wenyewe ubaoni. 120 mara 45 mara 5 ni sentimita za ujazo 27,000, yaani lita 27. Mchanga mkavu ni karibu kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo kilo 43 hivi. Kwa kuwa kuchekecha na kuosha kutapunguza, tumeagiza ndoo nne za lita 20.

Kwa nini sentimita 5: gamba tutakalotumia ni la Neothauma, konokono wa ziwa hili peke yake, na kubwa hukaribia sentimita 6. Likilala kwa ubavu linahitaji mchanga wa kulifunika. Sentimita 2 za wafugaji wa matumbawe zingemwacha ocellatus wangu na nyumba juu ya kioo.

8 Machi

Siku ya kuchekecha na kuosha. Ni Ramadhani na wanafunzi wengi wamefunga, kwa hiyo tumeanza saa moja asubuhi kabla ya jua, na waliofunga nimewapa kazi ya kuandika na kuhesabu kivulini.

Kwanza chekeche ya fundi ujenzi, kuondoa kokoto na vijiti. Pili wavu wa dirisha la mbu uliokazwa kwenye fremu ya mbao: kilichopita ndicho chetu, kilichobaki juu tumekirundika kwa matumizi ya bustani. Ndoo nne zimezaa mbili na nusu.

Kuosha kunataka uvumilivu. Ukijaza ndoo mchanga mpaka juu huwezi kuukoroga. Tulijifunza kuweka theluthi moja ya ndoo, kuingiza mpira wa maji hadi chini kabisa, kukoroga kwa mkono mzima mpaka kiwiko, kisha kumimina yale maji mekundu haraka kabla chembe laini hazijatua. Ndoo ya kwanza ilitaka mimino kumi na nne. Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa glasi: chukua maji ya ndoo baada ya kukoroga, weka mbele ya ukurasa wa daftari, kama mistari inasomeka mchanga umetakata. Sabuni hairuhusiwi kukaribia, wala ndoo iliyowahi kufuliwa.

Maji machafu hatukumwaga mtaroni. Tuliyapeleka kwenye migomba ya nyuma ya bweni.

Saa tano na nusu tukawa tumemaliza. Tumeuanika mchanga kwenye turubai. Ulipokauka ukageuka rangi ya ngano, na msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza kwa nini tusitafute mweupe kama wa picha za baharini. Nilimjibu nilivyoona: samaki wa mchangani hujifananisha na sakafu yake, na juu ya mchanga mweupe pee chini ya taa hupauka na kukaa na hofu. Rangi hii ndiyo waliyozaliwa juu yake.

15 Machi

Mawe kabla ya mchanga. Naandika kwa msisitizo kwa sababu nimeona picha nyingi za watu wanaoweka jiwe juu ya mchanga. Samaki wanaochimba huchimba chini ya jiwe, jiwe linakaa bila egemeo, siku moja linaanguka juu ya samaki au juu ya kioo. Yetu matatu, bapa, yamekaa upande wa kushoto moja kwa moja juu ya kipande cha plastiki ngumu kwenye sakafu ya tangi, na tumeyatikisa mpaka hayachezi. Mchanga ukamiminwa kuyazunguka.

Upande wa kulia tumeuacha wazi kabisa, uwanja wa mchanga, sentimita 5 mbele na 7 nyuma. Katikati, magamba kumi na mawili ya Neothauma. Tuliyapata tayari matupu, tukayachemsha, tukayatikisa moja moja kusikiliza kama kuna kitu ndani. Chini ya ziwa kuna mahali ambako magamba haya yametandazwa kama zulia, kizazi juu ya kizazi, kwa kuwa maji yale yale yasiyoyeyusha aragonaiti hayayayeyushi na haya. Samaki wa konokono wanaishi juu ya urithi huo.

Kujaza: tuliweka sahani ya bati juu ya mchanga na kuelekeza mpira kwenye sahani. Maji ya bomba tulikuwa tumeyaacha kwenye mapipa wazi siku mbili, pampu ya hewa ikipuliza, ili klorini itoke. Yakajaa bila kuchimba shimo hata moja.

17 Machi

Ukungu mwepesi bado. Filta haijawashwa na haitawashwa mpaka niuone ukuta wa nyuma wazi, kwa kuwa chembe zinazoelea zikiingia kwenye pampu zitakwangua panga lake linalozunguka.

22 Machi

Maji yameng'aa tangu Alhamisi. Leo tumeanzisha bakteria. Wenzetu wa baharini hununua mchanga hai, wenye bakteria tayari. Sisi tumeomba mvuvi atuletee kikombe kimoja cha mchanga kutoka mahali safi, mbali na mwalo, ukiwa na maji yake, tukautawanya juu ya wetu. Kikombe hicho kina bakteria wa ziwa hili hasa. Chakula chao ni unga wa dagaa, kijiko cha chai kilichofungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa, ili ukioza utoe amonia, nao waigeuze kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali.

Hapa naomba wanafunzi wangu wasiharakishe, na nimewaeleza sababu kwa namba. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, joto la sentigredi 26, ni zaidi ya theluthi moja. Kosa ambalo tangi la mtu mwingine linalisamehe, maji ya Tanganyika hayalisamehe. Samaki hataingia mpaka amonia na nitriti visome sifuri wiki nzima.

12 Aprili

Kwa mpangilio ule ule unaotarajiwa: amonia ilipanda wiki ya kwanza, ikaanza kushuka ya tatu, na nitriti sasa ndiyo iko juu. Juu ya mchanga pametanda vumbi la kahawia, daiatomu, mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Tangi jipya karibu lote hupitia hapo. Sijaligusa. Nimepunguza taa hadi saa sita kwa siku.

26 Aprili

Doa jeusi.

Kona ya nyuma kulia, dhidi ya kioo, sentimita tatu chini ya uso wa mchanga, pana kama kiganja. Nilichomeka kijiti, kipovu kikapanda, na harufu ya yai viza ikajaa pua. Hiyo ni gesi yenye salfa inayotengenezwa na bakteria wasiotumia oksijeni, na ni sumu kwa samaki.

Nilikaa na tangi hadi saa mbili usiku nikitafuta sababu, kwa kuwa mahali pengine mchanga ni wa ngano hadi chini. Mwishowe nikakumbuka: ndoo ya mwisho siku ile ya kuosha tuliimaliza wakati jua limeshakuwa kali, na mimi ndiye niliyesema inatosha. Haikupita kwenye kipimo cha glasi. Iliishia kona hiyo, na tena ndiko mchanga una sentimita 7. Tope lenye masalia ya majani, maji yasiyopita, kina kirefu: vyote vitatu vimekutana mahali pamoja.

Watu wa matumbawe wenye mchanga wa sentimita 12 hawapati hili kila mara, na sasa naelewa vizuri zaidi kwa nini. Mchanga wao una minyoo na vikonokono wanaotoboa njia usiku na mchana, na hawauvurugi ovyo. Kina kirefu kinataka wakazi. Mimi niliweka kina bila wakazi.

Dawa tuliyoifanya: pampu imezimwa, mpira mwembamba umeingizwa taratibu moja kwa moja ndani ya doa, tukaunyonya mchanga wote mweusi pamoja na maji, lita sita hivi, bila kuusambaza. Tukabadilisha nusu ya maji. Mchanga wa akiba, huu umeoshwa mpaka mistari ya daftari inasomeka, umejaza pengo, na kona sasa ina 5 kama upande wa mbele. Afadhali tumeliona kabla samaki hawajaingia.

3 Mei

Tumeweka wakazi: konokono ishirini na wawili wa Melanoides, wembamba, wenye gamba refu lililochongoka kama pia. Mchana hawaonekani, wamezama mchangani. Usiku wanatoka, na asubuhi unaona njia zao juu ya mchanga kama mistari ya kalamu.

Nimewafundisha wanafunzi kuwatofautisha na konokono wa kichocho. Wa kichocho cha tumbo ni bapa, amejiviringisha kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Huyo hatumtaki kwenye tangi wala kwenye ndoo, na hakuna anayeingia majini kwenye matete kutafuta chochote. Hawa wetu walikaa kwenye beseni la peke yao wiki mbili kwanza, na tuliwashika kwa glovu.

Jambo moja la kusikitisha: kijana aliyekuwa zamu ya kusafisha kioo aliangusha sponji, akaiokota kutoka sakafu ya tangi na kuendelea kusugua. Chembe moja ilikuwa imenasa. Sasa kuna mchirizi wa sentimita 20 kioo cha mbele, na hautatoka. Kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Hapa ndipo aragonaiti, iliyo laini zaidi, ingetufaa. Kijana alikuwa karibu na machozi. Nilimwambia sikuwa nimemfundisha, na ni kweli. Sheria mpya iko ukutani: sponji haishuki chini ya vidole viwili kutoka mchangani, na ikianguka inaoshwa bombani kabla ya kurudi.

17 Mei

Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku ya tisa mfululizo. pH 8.8, joto 26 bila hita. Samaki wameingia.

Ocellatus wanne, dume mmoja na majike watatu, na Xenotilapia watano, kutoka kwa mkusanyaji mwenye leseni ya samaki wa mapambo. Tuliwaacha kwenye mifuko juu ya maji nusu saa, kisha tukaongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Saa ya kwanza walikaa wameganda. Kisha Xenotilapia mmoja akashuka, akagusa mchanga kwa pua, akarudi nyuma, akashuka tena na kujaza mdomo. Mchanga ukatoka kwenye matamvua yake kama unga unaopita chekecheoni, pande zote mbili sawasawa. Hakuna aliyezungumza. Wanafunzi thelathini na wanane ndani ya chumba kimoja, na nilisikia pampu ya hewa.

24 Mei

Vumbi la kahawia limekwisha. Sehemu kubwa ni kazi ya Xenotilapia, wanaougeuza uso wa mchanga kila siku bila kuchoka. Mchanga hatuufyonzi tena kwa kina. Mpira unapita juu kidogo tu kuchukua kinyesi, na kila Jumamosi tunabadilisha lita 50 kwa maji yaliyotulia.

31 Mei

Jike mdogo kuliko wote amezika gamba lake.

Alianza Jumatano. Wanafunzi wa zamu waliandika kila hatua, na daftari lao liko mbele yangu. Alichimba upande mmoja wa gamba, mdomo baada ya mdomo, akipeleka mchanga umbali wa urefu wake mara mbili na kuutema. Gamba likainama kuelekea shimo. Akahamia upande wa pili. Alipoona limezama nusu, alikaa mbele yake, akaligeuzia mkia na kupiga mchanga kwa mapezi mpaka ukaruka juu ya mgongo wa gamba. Alhamisi jioni lilibaki duara la mdomo tu, sawa na uso wa mchanga, kama tundu la kaa. Kuta za shimo hazikubomoka wakati anachimba. Chembe kubwa kuliko hizi zingeporomoka, na laini zaidi zingekuwa tope machoni pake.

Jana nilimleta mama. Alivuta stuli akakaa mbele ya tangi karibu saa nzima, mkono shavuni. Dume alipopita, jike akatoka nusu, akamfukuza, akarudi kinyumenyume ndani ya tundu. Mama akaomba aonyeshwe mchanga umebaki wapi. Nikamletea kilichobaki kwenye ndoo, akausugua kiganjani, akatazama kiganja.

"Ndiyo huo huo," akasema, na akanirudishia ndoo.

Jumatatu kidato cha tatu wanaanza kupima umbali kati ya magamba manne yaliyokwisha kuhamishwa na samaki. Nimewakatia rula ya plastiki ya kubandika nje ya kioo.